Gunia la Msumari wa Kumi

Ilikuwepo nchi, na kama bado ipo mimi sijasema, iliyoitwa Safidia. Ilikuwa na bendera, ilikuwa na wimbo, na ilikuwa na aibu moja kubwa: haikuwa na taka za plastiki za kutosha.

Aibu hiyo iligunduliwa na wataalamu. Walikuja na mizani na glavu, wakapita nyumba kwa nyumba wakifunua kila pipa, wakakuta maganda ya ndizi na majivu. Safidia chupa ya maji ikishanywewa haitupwi, hutiwa mafuta ya kula. Ikichakaa hutiwa mafuta ya taa. Ikipasuka hukatwa kichwa ikawa faneli. Kopo la siagi hutiwa chumvi mpaka mwenye kopo afe, na hata matangani watu hugombea kopo kabla ya kugombea shamba. Wataalamu waliandika kwamba raia wa Safidia hutupa plastiki gramu kumi na moja kwa mwaka, nyingi zikiwa vifungo vya shati.

Ripoti ilisomwa ughaibuni, mbele ya mawaziri wa mataifa mengi, na Waziri wa Utenganisho wa Safidia, Mheshimiwa Profesa Ndelemo Kisunzu, alikuwa ameketi safu ya mbele. Alirudi nyumbani amevimba.

“Ndugu wananchi!” alianza pale pale uwanja wa ndege, hata shada la maua hajalipokea. “Wenzetu waliotutangulia wana taka mpaka wanazisafirisha nje! Sisi tutatenganisha nini? Tutachakata nini? Nawaambieni, mtu asiyetupa ni mtu anayeficha!”

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa jua lilikuwa kali na makofi ndiyo huharakisha hotuba.

Wiki ya pili Sheria ikatoka. Kila nyumba ilipewa magunia saba: la chupa, la vifuniko, la lebo, la makopo, la mifuko, la mirija, na la saba lililoandikwa MENGINEYO, ambalo ilikuwa marufuku kulitia kitu chochote. Lililohesabiwa hasa ni lile la kwanza, gunia angavu ambalo mtu aliona ndani yake kama anavyoona ndani ya glasi. Kila Jumamosi lilitakiwa liwe na chupa ishirini, zimeoshwa, zimevuliwa vifuniko na kubanduliwa lebo. Basi watu wakaanza kununua maji ili wayamwage. Kampuni moja iliwarahisishia, ikatoa maji yaliyoandikwa Maji ya Kumwaga, ambayo hayakuchemshwa wala kuchujwa kwa sababu hayakuwa ya mtu kunywa. Mwenye kampuni alikuwa shemeji wa Waziri. Hiyo ni sadfa, na mimi sadfa sizichunguzi.

Magunia yalipojaa yalichukuliwa na lori. Lori lilikuwa moja na sanduku lake lilikuwa moja, kwa hiyo aina zote zilimiminwa humo kwa pamoja. Raia mmoja aliuliza sababu. Akajibiwa kwamba umoja ndio msingi wa taifa.

*

Katika mtaa wa Kilimahewa, balozi wa nyumba kumi alikuwa Kitwana Malibiche, mtu wa makamo, mpole, mwoga kidogo, mwenye mke aitwaye Hidaya na kitambi kilichokuwa bado kinajifunza. Sheria ilipotoka, ubalozi wake uligeuzwa Ukaguzi. Akapewa kofia, filimbi na kiapo. Kwenye ukuta wa ua wake wakapigilia misumari kumi, na kila Jumamosi asubuhi kila nyumba ilikuja kutundika gunia lake angavu kwenye msumari wake, na kibao cha namba juu yake. Msumari wa kumi ulikuwa wa Kitwana mwenyewe.

Msumari wa nne ulikuwa wa Bi Siwatu.

Bi Siwatu alikuwa mjane aliyeuza mafuta ya ufuta. Kibanda chake kilikuwa madumu, ndoo, makopo na chupa kutoka chini hadi darini, na hakuna chombo hata kimoja alichokinunua kipya. Alikuwa na desturi yake. Kila nyumba ilikuwa na chupa yake kwake, na kila chupa aliifunga uzi shingoni ili isipotee njia: nyekundu ya kina Mama Chiku, buluu ya fundi cherehani, kijani ya Kitwana. Ukimaliza mafuta unarudisha chupa, anaisugua kwa mchanga na maji ya moto, anaijaza, unaondoka. Miaka kumi na nane uzi wa kijani ulikuwa unakwenda na kurudi. Watoto wa mtaa walijifunza rangi kwenye chupa hizo kabla hawajajifunza shuleni.

Mtu wa namna hiyo utamdai chupa ishirini za kutupa? Jumamosi ya kwanza gunia lake lilikuwa tupu. Jumamosi ya pili likawa tupu vilevile. Kitwana akaandika mara mbili, Kuficha Taka, kwa mkono uliokuwa mzito.

“Shikamoo, Bi Siwatu,” alimwambia kibandani, kofia ameivua. “Dada yangu, ukiandikwa mara ya tatu wanakuja kubeba kila chombo cha plastiki ulicho nacho. Kila kimoja. Nakuomba.”

“Marahaba, Kitwana. Kwa hiyo ninunue maji niyamwage?”

“Ununue, uyamwage.”

“Mungu ananiona.”

“Anakuona, lakini hakagui Jumamosi.”

Bi Siwatu akacheka, na Kitwana naye akacheka, akaondoka na chupa yake imejaa. Kicheko hicho kilikuja kumsumbua baadaye kuliko neno lolote la Sheria.

*

Ijumaa ya wiki ya tatu Kitwana alihesabu chupa zake akapata kumi na tisa. Akahesabu tena kuanzia upande mwingine, zikawa kumi na tisa. Akakimbilia dukani. Maji ya Kumwaga yalikuwa yamekwisha, mwenye duka anamwambia subiri kesho jioni. Kitwana akarudi, akaingia jikoni, akaiona chupa ya mafuta ya ufuta imebakiwa na funda moja chini. Hidaya alikuwa kwa dada yake. Akamwaga lile funda shimoni bila kungoja lichuruzike lote, akang'oa kifuniko, akaisukumiza chupa katikati ya gunia, ndani kabisa. Hakuiosha. Alikuwa amechoka, na aliamini kwamba mkaguzi hakaguliwi.

Asubuhi alipoamka akakuta mafuta yametambaa. Chupa zote kumi na tisa zilikuwa zimepakwa, gunia limekuwa la njano, na pale katikati imesimama ile ya ishirini kama mwizi aliyejificha nyuma ya mwanzi. Majirani walikwisha kutundika yao na kwenda zao. Kitwana akalitundika lake kwenye msumari wa kumi, akawa anatafuta kitambaa, mara akasikia gari linapanda mlima. Lilikuwa na king'ora. Tume ya Mkoa, bila taarifa!

Sheria ilikuwa na kifungu chake kwa ajili ya wakaguzi. Mkaguzi akikutwa na kosa alivuliwa nguo, akavalishwa gunia lake angavu, akatembezwa mtaa mzima huku akipuliza filimbi yake mwenyewe.

Kitwana akatazama ukuta. Pale kwenye msumari wa nne lilining'inia gunia zuri kuliko yote. Chupa ishirini, zimesuguliwa kwa mchanga na maji ya moto, hazina lebo, hazina kovu la gundi, zinawaka jua. Bi Siwatu alikuwa amenunua maji na kuyamwaga, na kwa kuwa alikuwa Bi Siwatu, alikuwa ameyamwaga kwenye miche ya mpapai.

Vibao vya namba vilikuwa vya mbao, vimetundikwa kwa waya tu. Kubadilisha viwili ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kitwana alifumba. Alipofumbua, lile gunia zuri lilikuwa namba kumi, na lile la mafuta namba nne.

Tume ilikuwa ya watu watatu, mmoja wa kuona, mmoja wa kunusa na mmoja wa kuandika. Wakapita msumari kwa msumari. Walipofika kwenye lile lililochafuka, wa kunusa akanusa akarudi nyuma hatua mbili, na wa kuandika akaandika hatua mbili. Filimbi ikapigwa. Majirani wakajaa uani, Bi Siwatu akaitwa mbele.

“Gunia hili ni lako?”

Bi Siwatu alilitazama lile gunia. Akainama kidogo, akatazama shingo ya chupa ya katikati, ambayo uzi wake wa kijani ulionekana wazi. Kisha akainua macho akamtazama Kitwana. Kitwana akaona ni lazima aikague filimbi yake.

“Namba ni yangu,” akasema Bi Siwatu.

“Una la kujitetea?”

“Sina.”

Wakaandika mara ya tatu. Kitwana akajiambia kwamba uzi ni kitu chembamba, na kwamba watu wakiwa na hofu hawaoni vitu vyembamba. Alijiambia hivyo mara nyingi siku ile.

*

Adhabu ilipangwa kutekelezwa Alhamisi, mbele ya Waziri mwenyewe. Zilikuwa zimebaki siku nne, na neno moja la Kitwana lilitosha kukiokoa kibanda kilichomlisha Bi Siwatu tangu mumewe afe. Jumapili hakula. Jumatatu hakulala mchana, jambo ambalo halijawahi kutokea. Jumanne akavaa kofia akaenda Wilayani.

“Nimekuja kukiri kosa,” alimwambia karani, kwa sauti ambayo mende angeiinamia ili aisikie.

Karani alifurahi. Akatoa fomu yenye kurasa sita. “Umekwisha kutiwa hatiani?”

“Bado.”

“Basi huwezi kukiri. Fomu hii hujazwa na mkosaji aliyekwisha kutiwa hatiani. Tukiruhusu kila mtu akiri ovyo, makosa yatazidi wakosaji, na takwimu zitaharibika.”

“Lakini kuna mtu ametiwa hatiani kwa kosa langu. Bi Siwatu, nyumba namba nne.”

Karani akapekua daftari. “Yupo. Huyu anaweza kukiri wakati wowote. Mwambie aje na picha mbili.”

“Hana kosa!”

“Ndiyo maana bado hajakiri,” akasema karani, akafunga dirisha kwa upole.

Kitwana alitoka nje, na hapa niseme ukweli hata kama hautampendeza: alipumua. Alijisikia mwepesi mpaka kwenye kona ya soko. Si amesema? Si wamekataa? Lakini alipofika kwenye mlima wa kwao, ule wepesi ukamtoka, kwa sababu alijua vizuri kwamba alikwenda kukiri mahali ambapo asingesikika. Aliona haya, haya ya mtu mzima. Siku ya pili hakwenda popote.

*

Alhamisi uwanja ulifurika. Waziri alikuja na magari tisa, na gari la kumi lililobeba chupa za maji ya kunywa, ambazo zilipokwisha zilikusanywa na walinzi wake na kurudishwa kwake nyumbani. Mama yake Waziri naye anauza maziwa.

“Ndugu wananchi!” akanguruma. “Adui wa taifa hana mapembe! Adui wa taifa ana mafuta!” Akainua juu kidhibiti, ile chupa ya katikati, ameishika kwa vidole viwili. Uzi wa kijani ukaning'inia, ukawa unapepea mbele ya watu wote wa nyumba kumi. “Tazameni! Itazameni vizuri!”

Wakaitazama.

“Na shujaa aliyemfichua ni nani? Ni mkaguzi wenu! Njoo, Malibiche!”

Hapo watu wa nyumba kumi wakaanza kupiga makofi. Walipiga polepole, kwa pamoja, wala hawakuacha mpaka Kitwana alipofika jukwaani. Alivishwa Nishani ya Chupa Angavu. Kisha Waziri akampa kipaza sauti.

Kitwana alikishika. Kilikuwa cha moto kwa jua. Chini yake aliona Bi Siwatu amesimama kati ya askari wawili, kanga yake ameifunga vizuri kama mtu aliyekuja harusini. Hakuwa analia. Alikuwa anamtazama tu, kidevu kimeinuka, kama mteja aliyekwisha kuagiza na sasa anangoja apimiwe. Hidaya alikuwa nyuma ya Bi Siwatu. Neno lilikuja mpaka kwenye meno ya Kitwana. Akakohoa.

“Naishukuru serikali,” akasema.

Kisha wakakivunja kibanda. Sheria ilikuwa ya haki: ilitaka plastiki tu, kwani mafuta ni mali halali ya raia na hayaguswi. Kwa hiyo askari walilibeba kila dumu kwa uangalifu, wakalimimina mchangani, wakamwambia Bi Siwatu, “Mafuta yako haya, mama,” wakalirusha dumu garini. Madumu, ndoo, makopo, faneli na chupa zote za nyuzi. Waziri naye akairusha ile ya kidhibiti juu ya rundo, akapangusa vidole. Mtaa mzima ulinukia ufuta mpaka jioni, na kuku wakawa wanateleza.

*

Ijumaa Hidaya alipika mboga za chukuchuku. Aliweka sahani mbele ya mumewe.

“Hakuna mafuta,” akasema. “Chupa yetu iko wapi, baba?”

“Imepotea.”

“Katafute.”

Kitwana aliiacha sahani, akavua kofia akaitundika, akashuka mlima kwa miguu kufuata njia ya lori mpaka Kiwanda cha Taifa cha Kuchakata. Kiwanda hicho kilikuwa kimezinduliwa mara nne. Kilikuwa na ukuta mrefu, geti la chuma, bendera, na mlinzi aliyekuwa anasuka ukili.

“Mashine ziko wapi?” Kitwana aliuliza alipochungulia ndani.

“Kwa sasa kiwanda ni huu ukuta,” akasema mlinzi. “Vingine vinakuja.”

Nyuma ya ukuta palikuwa na korongo. Mle ndani zilikuwemo Jumamosi zote za Safidia, chupa na vifuniko na lebo na mirija, vimekumbatiana kama havijawahi kutenganishwa. Kitwana alikumbuka usiku ambao Mama Chiku alilia kwa sababu kifuniko kimoja kilibaki kwenye gunia la chupa, na yeye akamwandika. Akaingia korongoni.

“Wewe! Kutoa taka humu ni wizi wa rasilimali!” akaita mlinzi. Kisha akamtazama usoni, akageukia ukili wake. “Mimi macho yangu hayaoni mbali.”

Alitafuta mpaka jua likaanza kuinama. Alipata ndoo mbili nyeupe, dumu moja, faneli, makopo matatu ya siagi, na chupa yenye uzi wa kijani. Nyingine zilikuwa zimefukiwa chini ya mzigo mpya.

Bi Siwatu alikuwa ameketi kwenye kigoda mahali kilipokuwa kibanda. Kitwana akaviweka vile vyombo mchangani mbele yake. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, na sasa hakukuwa na hata moja lililokubali kutangulia.

“Shikamoo.”

“Marahaba.”

“Bi Siwatu, gunia lile...”

Bi Siwatu alinyoosha mkono akaichukua chupa, akaigeuza. “Kijani,” akasema. “Yako hii.”

“Ulijua?”

“Kitwana, uzi huo niliufunga mimi. Nyumba kumi zote zinajua kijani ni ya nani. Mpaka vitoto vinajua.”

Kitwana akayasikia tena yale makofi ya uwanjani, ya polepole, na akaelewa yalikuwa ya nini. Akaketi chini mchangani kwenye mafuta.

“Basi kwa nini hawakusema? Kwa nini hukusema?”

“Wao kila mmoja alikuwa anawaza gunia lake. Hilo nalo nimeliweka moyoni, sijalitua.” Alikuwa ameanza kuisugua chupa kwa mchanga, taratibu, kama siku zote. “Mimi nilikuwa nakungoja wewe. Wewe ndiye uliyepewa kipaza sauti.”

Kitwana akalia. Bi Siwatu hakumnyamazisha wala hakumsaidia. Alipomaliza kuisugua chupa aliinuka, akaingia ndani ya nyumba yake, akarudi na chungu cha udongo, ambacho Sheria haikukijua. Akamimina mafuta kwa ile faneli mpaka shingoni, akakaza uzi.

“Mpelekee Hidaya. Ikiisha uirudishe.”

“Bi Siwatu, mimi nitakwenda kwa Waziri, nitamwambia...”

“Waziri hajawahi kununua mafuta kwangu,” akasema. “Walionunua wako huku.” Akaonyesha mlima kwa kidevu.

Kitwana alishika njia ya kwao, chupa mkononi. Aliwaza kuitia ndani ya shati. Akaiacha nje, na uzi ukawa unapepea. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya kina Mama Chiku. Mama Chiku alikuwa ameinamia beseni akiosha chupa za kesho, na aliiona chupa kabla hajamwona mwenye chupa.

“Mama Chiku,” akasema Kitwana, “gunia lile la mafuta lilikuwa langu. Nilibadilisha vibao. Bi Siwatu hana kosa.”

Mama Chiku alichovya chupa, akaitoa, akaichungulia kwenye mwanga. Hakumtazama.

“Sema kwa nguvu, Mkaguzi,” akasema. “Baba Chiku yuko ndani na hasikii vizuri. Tena majirani nao wako nyumbani.”

Kitwana akavuta pumzi, akasema kwa nguvu.